Nyaya Dirishani

"Simu haina sababu ya kukudanganya," Nyamai alisema kutoka nje ya dirisha. "Wewe ndiye unayeharakisha mambo."

"Nina macho yangu, Baba Mumo. Picha imetulia. Haipandi wala haishuki. Kibaya ni rangi," Nthenya alimjibu mume wake.

"Na hii mistari?"

"Sioni mistari yoyote."

Mkono wake ukapenya kati ya vyuma vya dirisha ukamwonyesha simu. Mkono tu. Mwili wote wa Nyamai ulikuwa umeegemea ukuta wa veranda, kisogo dirishani, uso barabarani, kama mtu anayengoja gari lisilofika. Ndani ya simu mlikuwa na picha ambayo Nthenya mwenyewe alikuwa ameipiga kwa simu hiyo hiyo muda si mrefu: kioo cha TV ya mama yake, na juu yake mikanda myeusi imelala kutoka upande hadi upande kama vivuli vya ngazi.

Nthenya aliitazama simu, akaitazama TV. Kwenye TV hapakuwa na mkanda wala kivuli. Palikuwa na kadege kadogo ka gemu kwenye anga ya rangi ya mboga iliyoungua, kametulia, kanamngoja mtu wa kukaendesha.

"Hiyo ni ya simu," alisema. "Kwa TV haipo."

"Sasa simu imeitoa wapi kama si kwa TV?"

Walikuwa kwenye mabishano haya tangu chakula cha mchana, na uji wa mama yake ulikuwa umepoa kwenye stuli hadi ukaota ngozi. Kila Nthenya aliposema picha imetulia, Nyamai aliomba apigiwe picha nyingine, akaona mistari, akarudi kwenye sanduku la gemu hapo verandani kuchezea ule waya unaoiambia TV picha ianzie wapi na iishie wapi. Kila alipouchezea, picha iliyokuwa imetulia ilianza kukimbia kwelikweli, na Nthenya akapaza sauti aurudishe. Akaurudisha. Nthenya akapiga picha. Mistari ikawa pale pale.

Kitandani, mama yake alikohoa kile kikohozi cha kusema nawasikia.

Wapita njia wengi wa Makindu walikuwa wamesimama siku hiyo kuuliza kwa nini fundi asiingie ndani akajionee TV kwa macho yake. Wakamba hawakuuliza. Nyamai alikuwa mkwe. Aliyelala chumbani ni mama wa mke wake, yuko kwenye gauni la kulalia, kichwa wazi, na mkwe haingii chumba ambamo mama mkwe amelala. Hiyo ndiyo nthoni, na hakuna anayeketishwa akafundishwa. Mtoto huiona kwa baba yake, anapoiacha njia na kuingia kichakani ili mama mkwe apite. Miaka yote ya ndoa, Nyamai hakuwahi kula akitazamana na mama yake Nthenya. Walisalimiana kupitia mlango, wakapelekeana asali na sukari, wakaulizana hali kwa kinywa cha Nthenya, na kwa mtindo huo walipendana kuliko wakwe wengi wanaokaa kochi moja.

Kuitoa TV nje nako hakukuwezekana. Chumba hicho kilikuwa sehemu ya duka la mama yake, na zamani watu walijaa humo kutazama mpira. Mama yake, kwa kuwajua watu wa barabara ya Mombasa, alimwita fundi wa vyuma akamchomelea grili nzito, TV ikafungiwa humo kama simba, na grili ikachomelewa kwenye vyuma vilivyozama ukutani. Ufunguo wa kufuli ulipotea hata kabla Nthenya hajaolewa. Nyuma ya grili palibaki nafasi ya kuingiza mkono hadi kwenye matundu ya kuchomekea nyaya, basi. Mtu akitaka kuiondoa TV ile ilibidi aondoe na ukuta.

Na kumtoa mgonjwa nje, hilo Nthenya alikuwa ameshalijaribu. Kwa maneno mazuri na kwa maneno mabaya.

Mama yake alipooza upande wa kulia. Mguu ulirudi kiasi, maneno yakarudi yakiwa mazito, lakini mdomo ulibaki umeinama pembeni na mkono ukabaki umelala. Daktari wa mazoezi aliwaonyesha mpira mdogo wa kufinya, akasema ufinywe asubuhi na jioni, na akamvuta Nthenya kando akamwambia bila kuzunguka kwamba mkono usiotumiwa hujikunja, na ukishajikunja na kukauka haunyooki tena. Mama yake akaufinya mpira ule siku mbili, siku ya tatu akautupia kuku. Akasema yeye si mtoto wa nasari.

Tangu hapo vidole vilikuwa vimeanza kuingia ndani ya kiganja. Nthenya alivinyoosha kila asubuhi kwa mafuta ya kupaka, na kila asubuhi vilikuwa vigumu zaidi ya jana. Alimlisha, akamwogesha, akamvisha, akafungua duka, akafunga duka. Watoto wake mwenyewe walikuwa nyumbani Kyuso na dada ya Nyamai, wakimpigia simu kumweleza nani kampiga nani. Kazi yake ya kusimamia ghala la nafaka ilikuwa imeshikiliwa na mtu mwingine, na mtu mwingine akishika kiti muda mrefu hujisahau. Nthenya alikuwa na diploma ya ugavi, na kitu cha kwanza walichofunzwa ni kwamba mzigo usiosogea unaoza. Hakuna aliyemwambia afanye nini mzigo wenyewe ukiwa ni yeye.

Gemu ilikuwa wazo lake. Lile sanduku refu lilikuwa limesimama verandani miaka mingi, likiita watoto wa safari wakati wazazi wao wanakunywa chai. Lakini mwenye kulijua zaidi alikuwa mama yake. Saa za alasiri, jua limefukuza wateja, alivuta kigoda mbele ya kioo, akashika kile kijiti cha kuongozea ndege, akakaa akikwepa mawe na kuangusha maadui hadi wavulana wa kituo cha magari wakaja kumtazama. Hawakumshinda. Alikuwa akiwaambia, bila kugeuka, warudi shule kwanza.

Kisha mwaka jana sanduku lilihamishwa wakati wa kupaka rangi, likaanguka, na kioo chake kikapasuka shingoni. Ubao wa ndani ukabaki mzima. Ukiwasha umeme, sauti inatoka, ndege inaruka, ila hakuna pa kuiona.

Ndipo Nthenya alipompigia mume wake, ambaye Kyuso nzima inampelekea redio na TV zilizokufa, akamwuliza kama gemu ile inaweza kuonekana kwa TV ya kawaida. Nyamai akasema inawezekana, ila si kwa kuchomeka tu. TV ya nyumbani, alisema, hupokea picha yote kwa waya mmoja wa manjano, kama mtu anayeletewa chakula kimeshachanganywa kwenye sahani. Ubao wa gemu hautoi sahani. Unatoa sufuria mbalimbali: nyekundu peke yake, kijani peke yake, buluu peke yake, na waya mwingine wa kupiga kengele kwamba chakula tayari. Panahitajika kitu katikati cha kuchanganya.

Nthenya hakungoja hicho kitu cha katikati. Nyuma ya TV aliona matundu matatu, moja jekundu, moja kijani, moja buluu, akaona mambo ni rahisi. Akaunga rangi kwa rangi. TV ikatoa picha ya zambarau inayokimbia kama treni, ikatoa na harufu, na mama yake kitandani akasema uizime kabla hujaniunguza. Nyamai alipoambiwa kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Alimweleza kwamba matundu yale yamepakwa rangi hizo lakini yanangoja kitu kingine kabisa, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa mwanafunzi wa ufundi, alifanya vivyo hivyo akaikausha TV ya mwalimu.

Jana alifika Makindu na kisanduku cha kuchanganya rangi alichoagiza Nairobi, kidogo kama kiberiti kikubwa, kina skrubu tatu za plastiki ubavuni. Alilala kwa rafiki yake upande wa pili wa mji, kwa sababu hata usiku nthoni hailali, na leo asubuhi Nthenya akakifunga kisanduku nyuma ya TV, naye akaanza kazi kwa nje. Kesho alfajiri ilikuwa lazima arudi. Ndengu za shambani mwao zilikuwa zimeng'olewa, zimelala uwanjani Kyuso, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande usiofaa.

Sasa alasiri ilikuwa imeshika kona, na walichofanikiwa kufanya ni kugombana.

"Lete simu," Nthenya alisema.

"Ya nini?"

"Lete."

Akaichukua. Akaingiza mkono nyuma ya grili, akachomoa waya wa manjano wa kile kisanduku, akaurudisha wa king'amuzi. Kadege kakatoweka, akatokea mwanamume mwenye tai anayesoma habari za ukame. Mama yake alimwangalia mwenye tai, akamwangalia Nthenya, asielewe. Nthenya akampiga mwenye tai picha, akapitisha simu dirishani.

Lori moja likapita, na la pili.

"Mistari," Nyamai alisema mwishowe.

"Kwa mtangazaji."

"Kwa mtangazaji."

"Na mtangazaji amekuwa akitusomea habari hapa kila siku na hana mistari. Kwa hivyo ni simu yako haijui kupiga picha TV za zamani. Umeshinda mchana kutwa ukitibu mtu mzima."

Nyamai alicheka, lakini cheko fupi la mtu aliyechoka. Alisema kweli, TV hizi huchora picha mstari kwa mstari, jicho halioni ila kamera huzikuta katikati ya kuchora. Alikuwa analijua hilo tangu chuoni na bado limempita. Akaomba radhi. Nthenya hakuwa na nguvu za kuipokea wala za kuikataa. Alirudisha waya wa kisanduku, kadege kakarudi na anga yake iliyoungua, akaketi kwenye ukingo wa kitanda karibu na miguu ya mama yake.

Ilibaki rangi. Na rangi, Nyamai alieleza kwa sauti ya chini kama anayemwambia ukuta, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ubao wa gemu husukuma rangi kwa nguvu, maana umezoea kioo chake kikubwa chenye kiu. TV ya nyumbani haihimili. Zile skrubu tatu ni za kupunguza kila rangi hadi TV iridhike, na haziendi kwa hesabu, zinaenda kwa jicho. Unageuza kidogo, unatazama. Unageuza tena. Ukizidisha, TV inapotea njia, picha inazima.

Walikuwa wamejaribu Nthenya awe mkono na Nyamai awe akili. Asubuhi, kabla ya ugomvi wa simu, Nthenya alikuwa ameishika bisibisi ndogo ya saa, amegeuza skrubu ya kwanza kama alivyoambiwa, na kichwa cha skrubu kikakatika kwa sauti ya jino. Ile rangi nyekundu ikakwama pale ilipo. Bahati tu kwamba ilikwama karibu na pazuri. Zikabaki mbili, na plastiki yake ni ile ile.

"Ukivunja ya pili tumemaliza," Nyamai alisema. "Kingine kitatoka Nairobi, na mimi nitakuwa kwa ndengu. Sijui nitarudi lini."

"Basi ingia uzigeuze wewe."

Kwa nje, Nyamai alianza kukunja waya.

"Baba Mumo, nasema na wewe. Ingia. Nitamfunika blanketi hadi kichwani. Nitasimama katikati yenu kama pazia. Uangalie TV tu."

"Nthenya, usinianzie hilo."

"Nitakuanzia. Hospitali ni nani aliyembeba? Wanaume. Daktari wa mazoezi ni mwanamume, anamshika mkono na mguu, na jua halijaanguka. Wewe peke yako ndiye utachafuliwa na skrubu mbili?"

"Daktari hakumwoa binti yake." Alisema hivyo taratibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa imefunga mlango. "Si mimi nitakayechafuka. Ni yeye. Nikiingia humo leo, kesho atakaaje akijua mkwe wake amemwona kitandani? Utakuwa umemponya mkono ukamvunja kitu kingine."

"Kitu gani? Kitie jina. Maana mimi ninachokiona hapa ni vidole."

"Muulize mwenyewe."

Nthenya hakutaka kumwuliza. Alijua jibu. Aliinuka akaenda kusimama mbele ya grili, akiwa amewapa wote wawili mgongo, na alihisi uchovu umemshika kutoka visigino. Haukuwa uchovu wa siku hiyo. Ulikuwa wa kuinua mwili wa mtu mzima, wa kulala sikio moja wazi, wa kuwa mlango ambao wengine wote wanaongea kupitia kwake. Mama anamwambia yeye amwambie mkwe. Mkwe anamwambia yeye amwambie mama. Watoto wanamwambia yeye amwambie shangazi. Na mlango hauketi chini.

"Usimsukume mtoto wa watu," mama yake alisema kutoka kitandani. Maneno yalitoka mazito, moja moja, kama mtu anayepanga mawe. "Ana adabu. Adabu si kosa."

Nthenya aligeuka.

"Mwaitu, mama yangu, mimi pia ni mtoto wa watu. Nipe nafasi niseme mara moja, sitarudia. Mkono wako unajikunja. Asubuhi nilipovinyoosha vidole, kile kidogo hakikufunguka. Nimenyamaza nikapaka mafuta. Daktari alisema ukikauka umekauka. Mpira umeukataa. Kufuma umekataa. Kuchambua maharagwe umesema ni kazi ya watoto. Kitu kimoja tu kimebaki ambacho mkono huo ulikipenda, na fundi wa kukileta amesimama hatua tatu kutoka hapa na anaondoka kesho. Yeye haingii kwa sababu yako. Wewe hutoki kwa sababu ya mdomo. Mimi nimekaa katikati nikishika bisibisi nisiyoijua. Na kama hutaweza kushika kijiko, mimi sitarudi kwangu. Ndivyo ilivyo. Sikukasirikii, nakueleza."

Kadege kalilia mlio wake wa kumwita mchezaji, ule ule uliokuwa ukisikika duka zima. Nje, Nyamai hakusogea; hata kivuli chake kwenye vyuma vya dirisha kilikuwa kimekauka.

Mama yake aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda. Ulikuwa juu ya shuka, kiganja juu, kama kitu alichoachiwa na mgeni. Akaushika kwa ule wa kushoto, akajaribu kukifungua kile kidole kidogo. Kikakataa. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi na uso wake ukajikunja kwa maumivu, upande ule mmoja unaoweza.

Nthenya hakumsaidia.

"Wanjiro yuko?" mama yake aliuliza.

Wanjiro alikuwa jirani, mwenye kibanda cha nguo upande wa kulia wa duka. Walifanya biashara ukuta kwa ukuta tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Tangu hospitali, Wanjiro alikuwa amekuja mlangoni mara nyingi na kurudishwa kila mara. Mgonjwa amelala, mgonjwa anaoga, mgonjwa amechoka. Siku hizi aliishia kuacha parachichi dirishani.

"Yuko."

"Na wale wengine wa hapo mbele?"

"Wote wako, mwaitu. Ni siku ya soko."

Mama yake alifumba macho, akayafumbua.

"Nipe leso. Si hiyo. Ile kubwa. Na kitambaa cha kichwa." Akapumua. "Mwambie mwenzio apite nyuma, atoke hapo njiani. Mimi natoka kwa mbele."

Nthenya hakuuliza kama ana hakika. Mtu akishafungua lango humwulizi kama alikusudia. Alifungua kabati, akatoa leso, akamfunika mabega na gauni lile la kulalia, akamfunga kichwa vizuri, kwa kubana, kama anavyofungwa mwanamke anayekwenda sokoni. Huku akifunga, alipaza sauti dirishani.

"Baba Mumo. Mama anatoka. Zunguka kwa mlango wa nyuma, ungoje hapo mpaka nikwambie."

"Anatoka wapi?"

"Verandani. Nenda."

Visigino vya Nyamai vilisikika vikikimbia kuzunguka nyumba, na Nthenya alikwenda mlango wa mbele kumwita Wanjiro, kwa maneno mawili tu, njoo unisaidie. Wanjiro aliacha mteja na suruali mkononi. Alipoingia na kumwona aliyeketi ukingoni mwa kitanda, alisimama, akameza kitu, kisha akatia mikono kiunoni.

"Kumbe ni mdomo tu," alisema. "Mimi nilifikiri wamekubadilisha sura. Macho ni yale yale ya kufukuza watoto."

"Shika huku," mama yake Nthenya alimwambia. "Kelele utapiga baadaye."

Wakamwinua. Wanjiro upande wa kushoto, Nthenya upande mzito. Ule mguu uliorudi nusu ulikokota sakafuni, ukakwama kwenye kizingiti, ukavuka. Kutoka kitandani hadi mlango wa mbele si mbali, lakini walipumzika njiani mara mbili, na mara ya pili mama yake alitaka kugeuka. Nthenya aliihisi ile nia ya kugeuka ikipita kwenye bega. Akakaza mkono, na mama yake akasogeza mguu tena, kwenda mbele.

Jua la veranda liliwapiga usoni. Msichana wa mahindi ya kuchoma aliacha kupepea makaa. Watu wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mbuzi walinyamaza. Mama yake Nthenya alivuta leso hadi mdomoni kwa mkono wa kushoto, akaishikilia hapo, akaketi kwenye kigoda mbele ya sanduku lake la gemu lisilo na kioo, akiwatazama wote kwa zamu kama anayewahesabu.

Mzee mmoja wa mbuzi alivua kofia.

"Mama Nthenya. Tulikuwa tumekukosa."

Mama yake alishusha ile leso kidogo, asiishushe yote. "Mbuzi huyo ni mgonjwa," alisema. "Usimnunue."

Watu wakacheka, mwenye mbuzi akalalamika, na soko likarudia kelele zake.

Nthenya aliingia ndani haraka. Alikusanya shuka, akakifunika chungu cha haja, akatupa blanketi juu ya mto ili hata umbo la kichwa lisionekane, akafungua mlango wa nyuma. Nyamai alikuwa amesimama kwa kuku na bisibisi mkononi, ameinamisha kichwa. Aliingia akitembea kwa ukingo wa ukuta. Hakutazama kitanda. Alikwenda moja kwa moja kwenye grili, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono hadi begani nyuma ya TV, shavu limegusana na chuma, jicho moja kwenye kioo.

Alipogusa skrubu ya kwanza iliyobaki, anga ya kadege ilitulia kutoka mboga iliyoungua hadi kijani, na kutoka kijani ikaanza kufifia. Alisimama. Akarudisha kiasi cha unywele mmoja.

"Nahitaji mchezo uanze," alisema bila kugeuza kichwa. "Hii picha ya kungojea ni ya giza mno. Mtu abonyeze cha kuanzia, nione rangi zote zikitembea."

Kibao chenye kijiti na vitufe kilikuwa verandani, kimefunguliwa kutoka kwenye sanduku, nyaya zake zimeachwa ndefu ili baadaye zifike kitandani. Nthenya alitoka. Wanjiro alikuwa amechuchumaa kando ya kigoda akisimulia yote yaliyotokea mtaani tangu ugonjwa uanze, na alikuwa bado kwenye mwezi wa kwanza.

Nthenya alikinyanyua kibao akakiweka mapajani mwa mama yake. Alikisogeza kulia, upande wa mkono mgonjwa.

"Fundi anaomba cha kuanzia kibonyezwe."

Mama yake alibana leso kwa kidevu na bega, na mkono wa kushoto ukaenda kwenye kitufe wenyewe. Nthenya akautangulia, akakifunika kitufe kwa kiganja chake.

Mama yake alimwinulia uso, na kwa muda lilikuwa lile jicho ambalo Nthenya alikuwa akilikimbia akiwa mdogo. Kisha ile leso ikaachiwa mdomoni ikaanguka, mbele ya Wanjiro na msichana wa mahindi na soko zima. Mkono wa kushoto uliushika wa kulia kwenye kifundo, ukaunyanyua, ukauweka juu ya kitufe, ukaukandamiza kwa uzito wa mwili.

Gemu ililia.

"Vizuri," Nyamai aliita kutoka ndani. "Mwambie aendelee kuirusha, sijamaliza."

Nthenya aliketi kwenye ngazi ya veranda, mgongo ukutani, akanyoosha miguu. Hakumpelekea mtu yeyote ujumbe. Wote wawili, mama na mkwe, walikuwa wamesikia.